Bibi Titi Mohamed: Ulimi ulioitangulia kalamu

Juma lililopita binti wa jirani yangu hapa Makongeni, aliye katika kidato cha tatu, alinijia jioni na daftari lake mkononi. Mwalimu wao alikuwa amewatuma waandike wasifu wa mwanamke wa Afrika Mashariki aliyewatangulia wenzake kuingia bungeni, na ambaye amekwisha kuiaga dunia. Binti huyo alikuwa amelisikia jina la Bibi Titi Mohamed na kulipenda. Lakini alipopata habari kwamba mama huyo aliishia darasa la nne, aliingiwa na shaka. Alitaka kujua iwapo mtu wa darasa la nne anastahili kuandikiwa insha katika shule ya upili, na iwapo hatapoteza alama kwa kumchagua mtu asiye na elimu.

Nilimwambia aandike. Alipokwenda zake nilibaki nikilitafakari swali lake, maana sikuliona kuwa la kitoto. Kazi yangu ni isimu, yaani kuchunguza jinsi lugha inavyofanya kazi katika vinywa vya watu. Na kila niyachunguzapo maisha ya Bibi Titi, naona kwamba shaka ile haikuzaliwa na binti mwenyewe. Ni sisi walimu tuliompandikizia. Tumewazoesha vijana kuupima uongozi kwa vyeti, na kuipima historia kwa karatasi alizoacha mtu. Aliyefanya kazi yake kwa mdomo hubaki nje ya kitabu. Makala haya basi ni jibu langu kwa binti huyo, na kwa mwalimu wake pia.

Bibi Titi alizaliwa mwaka 1926 mjini Dar es Salaam, katika jamaa ya Waislamu wa mjini. Baba yake alikuwa mfanyabiashara, na kama wazazi wengi wa pwani wa zama hizo, hakuziamini shule za Wazungu. Baada ya baba kufariki, mama yake ndiye aliyempeleka katika shule ya serikali ya wasichana, akasoma hadi darasa la nne. Kisha akawekwa ndani kama ilivyokuwa desturi kwa mwari, akaozwa angali mdogo sana. Kwa kipimo cha karatasi, elimu yake ilikomea hapo.

Ila palikuwa na shule nyingine ambayo haikutoa vyeti. Wanawake wa Dar es Salaam walikuwa na vyama vyao vya ngoma, na Bibi Titi aliibuka kuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi kilichoitwa Bomba. Asiyeijua pwani huenda akadhani kwamba ngoma ni burudani tu. Chama cha ngoma kilikuwa na viongozi, ada, nidhamu na mashindano. Kilizika wafu, kiliwatunza wagonjwa na kuandaa harusi. Kilimkutanisha Mzaramo na Mmanyema, mpangaji na mwenye nyumba, muuza maandazi na mke wa karani, na lugha yao ilikuwa moja. Mwimbaji kiongozi katika chama kama hicho alipaswa kujua kuupaza na kuushusha wimbo, kutunga papo kwa papo, kumjibu mshindani kwa fumbo na kuwafanya wanawake mia moja waitikie kwa pumzi moja. Hiyo ni elimu ya balagha, nayo haikuwa haba.

Chama cha TANU kiliundwa tarehe 7 Julai 1954, kikiongozwa na Julius Nyerere. Bibi Titi na mume wake wa wakati ule walikuwa miongoni mwa wanachama wa mwanzo kabisa. Hata hivyo, chama kilikuwa cha wanaume. Mwaka 1955 John Hatch wa Chama cha Leba cha Uingereza alizuru Dar es Salaam, akataka kujua wanawake wa TANU walikuwa wapi. Viongozi walitazamana. Wake wa baadhi yao hawakuwa tayari kujitokeza hadharani. Ndipo lilipotajwa jina la mwimbaji wa Bomba, naye akaenda kumkabili mgeni. Baadaye ikaundwa sehemu ya wanawake ya TANU, akakabidhiwa uongozi wake.

Msomaji ajiulize: mama asiye na ofisi, asiye na gari wala mshahara, angeanzia wapi? Alianza na watu aliowajua. Aliwaendea viongozi wa vyama vya ngoma, mmoja baada ya mwingine, akawaeleza kwa lugha ya nyumbani kwao kwa nini inafaa wanunue kadi. Kila kiongozi aliyekubali alikuja na kundi lake zima. Kufikia Oktoba 1955 wanawake zaidi ya 5,000 walikuwa wamejiunga. Idadi hiyo ilipatikana katika muda wa miezi michache tu, ilhali wasomi wa chama walikuwa bado wanawabembeleza makarani wa serikali waliohofia kufukuzwa kazi. Kanuni za wakoloni ziliwazuia watumishi wa serikali kujiunga na siasa. Mwanamke aliyejitafutia riziki kwa mikono yake hakuwa na ajira ya kupoteza, na uhuru huo ndio alioutoa kwa chama.

Tangu hapo akawa msemaji wa hadhara. Alisafiri na Nyerere katika majimbo ya Tanganyika, akipanda jukwaani mbele ya umati uliokuwa haujawahi kumwona mwanamke akihutubia wanaume. Hapa ndipo ninapotaka walimu wa Kiswahili wasite kidogo. Nyerere alizungumza kama mwalimu: aliuliza, akafafanua, akahitimisha. Bibi Titi alizungumza kama kiongozi wa ngoma: alirusha neno, akangoja liitikiwe, akalirusha tena likiwa zito zaidi. Mitindo hiyo miwili ilikamilishana. Mmoja aliwapa watu hoja za kudai uhuru, na mwingine akawafanya wahisi kwamba hoja hizo ni zao. Hakuna kitabu cha siasa kilichomfundisha hayo. Aliyachukua uani, akayapeleka uwanjani.

Wakati huohuo wakoloni walikuwa wakipima watu kwa vipimo vyao. Katika uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959, mpiga kura alitakiwa awe na elimu ya kiwango fulani, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au wadhifa uliotambuliwa na sheria. Tena kila mmoja alilazimika kupiga kura tatu: kwa Mwafrika, kwa Mwasia na kwa Mzungu. Wengi wa wanawake wale waliokijaza chama hawakufaulu kipimo chochote kati ya hivyo. Walipigania kura ambayo wao wenyewe hawakuruhusiwa kuipiga. Naliona jambo hili kuwa kubwa kuliko mengi tuyasomayo kuhusu wakati ule, na sijui ni wanafunzi wangapi wanaolifahamu.

Uchaguzi wa Agosti 1960 uliipa TANU viti 70 kati ya 71, na Bibi Titi akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria akiwa mjumbe wa Rufiji. Yeye na Lucy Lameck wa Kilimanjaro wakawa miongoni mwa wanawake Waafrika wa kwanza kuketi katika baraza hilo. Lucy Lameck alikuwa na masomo ya Uingereza, na Bibi Titi alikuwa na masomo ya Bomba. Wote wawili walihitajika.

Kiingereza ndicho kilichotawala barazani wakati huo. Mabadiliko yalikuja hatua kwa hatua baada ya uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka uliofuata, nchi ilipokuwa jamhuri, Nyerere alilihutubia Bunge kwa Kiswahili, na lugha hiyo ikashika nafasi yake humo. Wanaisimu huyaeleza mageuzi kama hayo kwa kutaja sera na kamati. Mimi nadhani sera ilikuwa ikiufuata ukweli uliokwisha kuthibitishwa viwanjani. Nchi ilikuwa imekombolewa kwa Kiswahili, na sehemu kubwa ya Kiswahili hicho ilitoka vinywani mwa wanawake.

Bibi Titi akawa naibu waziri katika wizara iliyoshughulikia maendeleo ya jamii. Mwaka 1962 sehemu ya wanawake ya TANU ilipanuliwa ikawa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, naye akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Julai mwaka huohuo Dar es Salaam iliwapokea wanawake kutoka sehemu nyingi za bara hili, wakaanzisha jumuiya yao ya Afrika nzima. Katika miaka saba, mwimbaji wa mtaani alikuwa amefika kileleni.

Walakini mpanda ngazi hushuka. Mwaka 1965 uchaguzi ulifanywa chini ya mfumo wa chama kimoja, wagombea wawili wa chama hichohicho wakishindana katika majimbo mengi. Vigogo kadhaa waliangushwa, Paul Bomani akiwa mmojawapo, na Bibi Titi naye akakipoteza kiti cha Rufiji. Aliendelea kuwa na sauti ndani ya chama hadi Februari 1967, lilipotolewa Azimio la Arusha.

Azimio lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili na kumiliki nyumba za kupangisha. Kwa msomi mwenye mshahara na kiinua mgongo, sharti la nyumba halikuwa na uzito mkubwa. Kwa mwanamke wa mjini ambaye hakuwahi kuajiriwa, nyumba ya kupangisha ndiyo iliyokuwa akiba yake ya uzeeni. Ndiyo iliyomkinga asiwe mzigo kwa nduguze akiachwa au akifiwa. Bibi Titi alikuwa na nyumba za namna hiyo. Alilipinga sharti hilo waziwazi na kujiuzulu katika Kamati Kuu ya chama.

Wapo waliomlaumu kwa kuipenda mali kuliko ujamaa. Sitaki kumtetea kupita kiasi. Nyerere alikuwa na sababu nzito: aliona jinsi viongozi wa mataifa mapya walivyokuwa wakijitajirisha, na alikusudia kuizuia ndwele hiyo mapema. Kenya yetu ingalinufaika kwa kuwa na sharti kama lile. Lakini kanuni njema iliyotungwa bila kumkumbuka mama asiye na mshahara huweza kumwumiza yeye kuliko mwizi iliyemkusudia. Bibi Titi aliliona hilo kwa kuwa lilimhusu, naye akalisema kwa kuwa ndivyo alivyozoea.

Kisha yakaja makubwa zaidi. Oktoba 1969 alikamatwa, pamoja na aliyekuwa waziri wa kazi Michael Kamaliza na maofisa wa jeshi, wakituhumiwa kupanga kuipindua serikali. Mshtakiwa mkuu katika madai hayo, Oscar Kambona, alikuwa uhamishoni London. Kesi ya uhaini ilianza mwaka 1970 mbele ya Jaji Mkuu Philip Telfer Georges, nayo ilichukua siku 127. Shahidi mkubwa wa upande wa mashtaka alikuwa Potlako Leballo, kiongozi wa wapigania uhuru wa Afrika Kusini. Bibi Titi aliyakana mashtaka. Februari 1971 mahakama ilimtia hatiani na kumhukumu kifungo cha maisha. Mwanamke aliyekuwa ameizunguka Tanganyika nzima akihubiri uhuru sasa alikuwa mfungwa katika Tanzania huru.

Mwaka 1972 Nyerere alimwachilia. Alitoka kifungoni akaukuta mji umebadilika. Wengi waliokuwa wakimshangilia walikuwa wamejitenga naye. Jina lake lilipungua kutajwa, hata yaliposimuliwa mambo ambayo yasingaliwezekana bila yeye. Naomba tulitazame vizuri jambo hili. Kiongozi mwandishi akianguka, maandishi yake hubaki maktabani yakimngoja msomaji mwingine. Kiongozi msemaji akianguka, maneno yake yamo katika kumbukumbu za watu, na watu wakiogopa kumtaja, anakuwa kama hakuwahi kuwapo. Kwa muda mrefu hali ya Bibi Titi ilikuwa hiyo. Kizazi kizima kilisoma historia ya uhuru kikiamini kwamba ilitengenezwa na wanaume wachache waliosoma Makerere na Edinburgh.

Kilichomrudisha kilikuwa mazungumzo. Mwaka 1984 mtafiti wa historia kutoka Marekani, Susan Geiger, aliketi naye na wanawake wenzake wa zama zile, akawasikiliza na kuzirekodi kumbukumbu zao. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilitoka mwaka 1997, kikawaonyesha wasomi kwamba utaifa wa Tanganyika haukuwa wazo lililoshuka kutoka kwa wasomi wa chama hadi kwa wanawake. Wanawake walikuwa tayari wanauishi katika vyama vyao, na TANU iliukuta humo. Kabla ya hapo, mwaka 1991, wakati Tanzania Bara ilipotimiza miaka 30 ya uhuru, gazeti la chama tawala lilikuwa limekwisha kumtaja tena kama shujaa wa harakati hizo. Alifariki tarehe 5 Novemba 2000 katika hospitali ya Johannesburg, Afrika Kusini. Leo barabara kubwa jijini Dar es Salaam, ipitayo karibu na viwanja vya Mnazi Mmoja, inaitwa kwa jina lake.

Sasa turudi kwetu. Msomaji wa Kenya anaweza kusema kwamba hayo ni ya Watanzania. Mimi nasema yanatuhusu sana, maana maisha hayo yasingewezekana hapa. Jemimah Gecaga aliteuliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1958, na Priscilla Abwao akafuata mwaka 1961, wote waliteuliwa. Ilitubidi tungoje hadi 1969 ndipo Grace Onyango, aliyekuwa mwalimu na kisha meya wa Kisumu, akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuwa mbunge. Wakati huo wote katiba yetu ilimtaka mgombea ajue kusema na kusoma Kiingereza. Kiswahili hakikuruhusiwa bungeni hadi mwaka 1974. Bibi Titi wa Kenya, kama alikuwapo, aliachwa mlangoni.

Na nina hakika alikuwapo. Namwona kila niendapo sokoni hapa Makongeni. Mtaa wetu umepewa jina na mkonge, zao lililotanda pande hizi za Thika enzi za walowezi, na watu wake walitoka kila pembe ya nchi wakifuata kazi za mashamba na viwanda. Mkamba na Mluhya, Mkikuyu na Mjaluo, wote walikutana hapa na wakahitaji lugha moja. Wamama wanaouza mboga kando ya barabara ya Garissa huweza kumaliza ugomvi wa wapangaji, kukusanya mchango wa mazishi na kumtuliza askari wa kaunti aliyekuja kuwafukuza, yote hayo kwa Kiswahili ambacho mwalimu angekitia wino mwekundu. Vyama vyao vya kuweka akiba vina mwenyekiti na mweka hazina, na nidhamu yake huzidi ya kamati nyingi za chuo nilizoketi.

Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, na ikatenga viti 47 vya wanawake wa kaunti. Hayo ni mema. Lakini tabia ya kupima watu kwa karatasi haijatutoka. Bunge liliwahi kupitisha kifungu kinachomtaka kila mgombea ubunge awe na shahada ya chuo kikuu, hadi Mahakama Kuu ilipokitangaza mwaka 2022 kuwa kinyume cha katiba. Mimi nina shahada tatu na ninaziheshimu, ndizo zinazonilisha. Shahada huonyesha kwamba mtu amesoma. Haionyeshi kwamba watu wakimsikiliza watamfuata, wala kwamba yeye mwenyewe anajua kuwasikiliza.

Kwa walimu wenzangu nina ombi moja. Mnapowapa wanafunzi kazi ya kuandika wasifu, msiwatume maktabani tu. Watumeni kwa bibi zao na kwa majirani wazee, wakiwa na daftari au simu ya kurekodi, wawaulize waliufanyia nini uhuru huu na vyama vyao vilikuwa vipi. Wazee hao wanazidi kuadimika, na kila mmoja anayezikwa anakwenda na sura ya historia ambayo haikuandikwa mahali popote. Bibi Titi alipata mtu wa kumsikiliza kabla hajafa. Wengi hawapati.

Ama wewe binti uliyeniletea daftari, andika insha yako bila hofu. Eleza kwamba aliishia darasa la nne, wala usilifiche jambo hilo. Kisha eleza alichokifanya. Mwalimu akikukata alama, mwambie aje tuzungumze.